Kazi Tano kwa Jina Langu

Makina, Kibera
Jumatatu, 26 Mei 2025

Maggie,

Salamu. Barua hii nimempa Sella mkononi, akielekea Kawangware na mzigo wake wa nguo za watoto kutoka soko la Toi. Ulisema nisipige simu wala nisitume meseji kwa sababu mumeo hushika simu yako kila jioni. Nimeheshimu hilo mwaka mzima bila kuuliza. Leo nauliza.

Kwanza habari njema, kwa sababu bado wewe ndiye mtu ninayetaka kumwambia. Nimepata ile kazi! Ukalimani wa mahakama, Kinubi na Kiswahili na Kiingereza, kazi ya kudumu. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza ni nani anaolewa. Kabla sijaapishwa wanataka vyeti kadhaa, na kimoja ni cha kuonyesha kwamba mambo yangu ya ushuru yako sawa. Nikaona hicho ndicho rahisi kuliko vyote. Mwalimu wa nasari, nani atamdai ushuru?

Nikaomba mtandaoni, nikakataliwa. Nikaenda ofisi ya ushuru. Nilihudumiwa na mama mmoja wa miwani anaitwa Kavetsa, mpole, na mimi maofisa wapole ndio huniogopesha. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nafundisha, na mara moja moja natafsiri. "Mara moja moja?" akasema, akanigeuzia skrini.

Unajua ile kampuni ya utafiti inayotupa rekodi za mahojiano tuziandike na kuzitafsiri. Kila wakilipa hukata ushuru kidogo na kuupeleka serikalini, kwa PIN, ile namba ya ushuru, ya aliyefanya kazi. Mwaka jana mimi nilifanya kazi mbili: ile ya vyoo vya Laini Saba, na ile ya akina mama wanaojifungulia nyumbani. Kwa skrini ziko saba. Tano sizijui kabisa. Mojawapo ni mahojiano ya wakulima, kutoka Kikuyu hadi Kiingereza. Maggie, Kikuyu changu ni cha kununua viazi.

Na kule saiba, Ndegwa anayetujazia fomu kwa kompyuta alinijazia nil mwezi wa kwanza, yaani sikupata hata shilingi nje ya mshahara. Kwa hiyo machoni pao mimi ni mtu aliyefanya kazi saba akaapa hakufanya hata moja. Kavetsa amesema nikirekebisha kabla ya Juni kuisha, sitakuwa na kesi. Nisiporekebisha, cheti hakuna, na mahakama itamwita anayefuata.

PIN yangu na nenosiri langu wanavyo watu watatu tu. Mimi, Ndegwa, na wewe.

Nijibu kwa Sella. Ukweli tu, hata ukiwa mfupi.

Hayat

*

Kawangware
29 Mei 2025

Hayat wangu,

Hongera, hongera, hongera! Nimesoma hiyo sehemu ya kwanza mara tatu nikiwa nimejifungia chooni. Mkalimani wa mahakama! Si nilikwambia? Wakati wengine wanakariri Kiingereza cha televisheni, wewe ulikuwa unasikiliza watu.

Hilo jambo lingine, tulia kwanza. Majina yanachanganyika. Pengine kuna Hayat mwingine kwa ile kampuni. Pengine Ndegwa amecheza mchezo, yule anajazia watu mia na PIN zote ziko kwa kompyuta moja hapo mezani kama chumvi ya hoteli. Mimi ningekuwa wewe ningemwangalia Ndegwa.

Lakini niambie, huyo mama Kavetsa alikuuliza nani mwingine anajua PIN yako? Ulinitaja? Usinifiche. Kama ulinitaja, nataka kujua ulisema nini hasa. Na usirudi kule mpaka nikwambie. Ukienda enda unawaonyesha una wasiwasi.

Na sisemi kwa ubaya, lakini zile mbili ulizifanya. Ulilipwa, na ulimwambia Ndegwa ajaze nil. Hata wewe si malaika. Tukianza kuchimbana hakuna atakayetoka msafi.

Halafu kwa nini Sella anajua? Jana ameniuliza, "Na ile maneno ya ushuru iliisha?" mbele ya mama wa kufua. Mbele ya watu, Hayat! Una hakika yule haifungui bahasha njiani?

Ukimaliza kusoma, choma.

Wako,
Maggie

*

Makina, Kibera
Jumanne, 3 Juni 2025

Maggie,

Sikuichoma.

Umeuliza kama nilikutaja, mara mbili, ukiwa hujajibu swali langu hata mara moja. Kwa hiyo nimejitafutia majibu.

Nilienda kwa Ndegwa. Sikumsalimia vizuri, na sasa najuta, kwa sababu mwanamume yule hakuficha kitu. "Mwalimu," aliniambia, "PIN yako niliipata kwa Maggie. Alikuja nayo akasema mmeungana, mnafanya kama kampuni, na bili zote zitoke kwa jina lako kwa sababu Kiingereza chako ndicho wazungu wanapenda." Nikamuuliza mbona hakunipigia. Akacheka. "Nyinyi si marafiki?"

Kisha nikaenda kwa ile kampuni. Mhasibu wao anaitwa Mukai. Akanisomea namba ya simu iliyopokea pesa za zile kazi tano. Si yangu. Si yako ninayoijua. Nikaipiga nikiwa hapo hapo ngazini. Ikapokelewa na mtoto, akasema, "Mami ako bafu." Maggie, mimi nilimfundisha mtoto wako Wacera a e i o u nilipokuwa nafundisha nasari pale Satellite, mtaani kwenu. Sauti yake naijua hata akiongea na mkate mdomoni. Kwa hiyo una simu ya pili. Mumeo hushika moja jioni, nyingine unailisha kwa jina langu.

Umesema mimi si malaika. Kweli. Zile kazi mbili ni zangu na nitazitangaza, na nitalipa. Nilijaza nil kwa sababu nimelelewa kuogopa fomu. Sisi Wanubi, kupata kitambulisho tu uliitwa mbele ya kamati, ukaulizwa babu yako alizikwa wapi. Baba yangu Abdulhamid alirudishwa nyumbani mara nyingi mpaka akaanza kuvaa suti ile ile ya kurudishiwa. Tangu hapo nikiona karatasi ya serikali, mkono wangu unataka kuandika maneno machache iwezekanavyo. Hilo ni kosa langu na nalibeba. Lakini kosa langu ni la watu wawili tu, mimi na serikali. La kwako umelijenga juu ya jina langu, ukijua jinsi lilivyopatikana.

Ijumaa ni Idi, sitaki kuiharibu. Jumatatu tarehe tisa nitarudi kwa Kavetsa niandikishe kwamba PIN yangu imetumiwa na mtu mwingine. Nitataja huyo mtu. Ukiwa na la kusema, sema kabla ya hapo.

Hayat Abdulhamid

*

Kawangware
7 Juni 2025

Kwa Bwana ama Bibi Hayat,

Mimi ni Gikonyo Waithaka, mume wa Maggie. Hii barua nampatia mtu wa boda aliye na maagizo ya kungoja jibu.

Barua yako nimeipata ndani ya mfuko ya koti ya mtoto. Simu ya pili pia nimeipata. Asante kwa kunijulisha.

Jina lako haliniambii kama wewe ni mwanamume ama mwanamke, na mke wangu amesema ni mwalimu tu, na zaidi ya hapo hataki kuongea. Hayo ya nyumbani nitayashughulikia nyumbani. Nakuandikia kwa sababu ya jambo moja. Nimesoma barua yako mara nyingi na ni ushuru, ushuru, PIN, PIN. Nani amekutuma?

Nauliza kwa sababu mwezi huu watu wamepita hapa Satellite wakiuliza wapangaji wanalipa kodi kwa nani. Mwezi huo huo, mke wangu anaandikiwa barua za siri za mambo ya ushuru, zinaletwa na mama wa mitumba. Mimi si mtoto. Hiyo haiwezi kuwa bahati.

Kama Maggie amekuambia juu ya zile nyumba kumi na nane, basi jua yote. Nyumba ziko kwa jina lake. PIN iliyoandikishwa ni yake. Kama kuna deni ya ushuru, ni yake, si ya baba yangu wala si yangu. Kwa hivyo ukienda kuchoma mtu huko ofisini, ujue unachoma yeye.

Yule mama wa mitumba nimemwambia asikanyage hapa kwa geti. Na wewe usiandike kwa mke wangu tena.

G. Waithaka

*

Makina, Kibera
Jumamosi, 7 Juni 2025

Bwana Gikonyo,

Mtu wako wa boda ananingoja, kwa hiyo nitakuwa mfupi.

Mimi ni mwanamke. Nilimfundisha Wacera nasari. Barua uliyoisoma niliiandika kwa hasira, na nimegundua baadaye kwamba nilikosea. Kampuni ndiyo iliyochanganya majina. Maggie hana kosa.

Ile simu ni yangu. Laini yangu ilikuwa na matatizo, nikamwomba Maggie anipokelee malipo ya kazi zangu, nikasahau hata namba yenyewe. Naomba umrudishie ili anipatie.

Sijatumwa na mtu yeyote. Nyumba zenu sizijui na sijawahi kuambiwa habari zake.

Hayat Abdulhamid

*

Makina, Kibera
Jumanne, 10 Juni 2025

Maggie,

Sella amesema atakungoja sokoni, kwa yule mama wa sukuma wiki. Isome hapo hapo ukisimama, umrudishie. Safari hii yeye atanirudishia, na mimi nitaichoma mwenyewe.

Nimekudanganyia. Nimemwandikia mumeo uongo kwa mkono wangu na kutia sahihi, mimi ninayetarajiwa kuapa mahakamani kwamba nitatafsiri kweli tupu. Usinishukuru. Nilipofika pale aliposema "asante kwa kunijulisha" niliurudia mstari huo. Sikufikiri habari ya PIN. Nilifikiri ni nini kinaendelea huko nyumbani kwenu saa hiyo, na kwamba ni kalamu yangu iliyokianzisha. Jana sikwenda kwa Kavetsa. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikaona watu wakiingia, nikarudi nyumbani.

Mwanzoni nilidhani ile barua umeiandika wewe, kunitisha. Nikailinganisha na zako, herufi kwa herufi. Ona mahali umenifikisha.

Sasa sikiliza vizuri. Mumeo ameniandikia kwamba kuna nyumba za kupanga kumi na nane pale Satellite ambazo ziko kwa jina lako, kwa PIN yako, na kwamba deni la ushuru wake likitokea, ni lako peke yako. Si la baba yake, si lake. Ameandika hivyo wazi, nadhani kwa sababu aliamini umeshaniambia.

Nimewaza mambo mawili. La kwanza, unajua. Unajua tangu zamani, na ndiyo sababu ulichukua PIN yangu, ili yako isiguswe mtu asije akachungulia nyumba zenu. La pili, hujui.

Mwezi mmoja uliopita nisingehitaji kuuliza. Sasa sijui nishike lipi. Niambie.

Hayat

*

Kawangware
Jumamosi, 14 Juni 2025

Hayat,

Sikujua.

Naandika nikiwa kwa saiba, Ndegwa amenipa meza ya nyuma na amekataa pesa. Anakuogopa, by the way. Anasema ukimwangalia anasahau nenosiri zake zote.

Sikujua, na sasa nakumbuka kila kitu. PIN yangu ilitengenezwa na Gikonyo. Alinileta hapa hapa, akasema ni ya akaunti ya sako, kile chama cha akiba. Anwani ya imeli aliyoweka kwa kompyuta ni yake, namba ya simu ni yake. Baadaye akanipeleka kwa wakala mmoja wa mashamba nitie sahihi, karatasi imekunjwa juu, naona mstari wa sahihi tu. Nikauliza ni nini. "Ni za familia." Nikatia. Nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja, Hayat, ningesema nini?

Kwa hiyo ile kampuni iliponipa kazi, nilijua kitu kimoja tu: wakiandika PIN yangu, meseji ya ushuru itaingia kwa simu ya Gikonyo kabla pesa haijaingia kwangu. Yako nilikuwa nayo tangu ile siku ulinituma kwa Ndegwa ukiwa na malaria. Kazi ya kwanza nilitaka kukwambia. Ya pili, nikaona ya kwanza haikuleta shida. Ya tatu sikuwa nawaza tena.

Sikujenga nyumba na hizo pesa. Kodi ya wapangaji wa baba mkwe nakusanya mimi, napiga hodi mlango kwa mlango, napeana yote, kisha naomba ya pedi. Nilitaka pesa ambayo nikimnunulia Wacera viatu sielezi. Ni hiyo tu.

Niliposoma barua yako pale sokoni nilirudia ule mstari wa nyumba mara tatu. Mtu ameweka jina langu kwa nyumba kumi na nane, akaniachia deni, na usiku analala kama mtoto! Nikaanza kumtukana kimoyomoyo, matusi ya Kikuyu ambayo ungeshindwa kutafsiri. Katikati ya tusi nikakukumbuka wewe. Nikaliacha nusu. Mama wa sukuma akaniuliza kama nimefiwa.

Simu Gikonyo aliirudisha. Aliiweka mezani akasema, "Mpelekee mwalimu wako." Hakuamini uongo wako, lakini hana mahali pa kuushika. Hajanigusa. Anahesabu tu hatua zangu kutoka geti hadi duka.

Lakini na mimi nina swali, na unijibu. Ile simu ya pili, uliiandika kwa barua makusudi? Ulijua kuna siku mojawapo ya hizi barua itaanguka kwa mkono wake. Ulikuwa na hasira. Mimi ningekuwa wewe, pengine ningefanya.

Jumanne nitasema nampeleka Wacera kliniki. Saa nne nitakuwa pale ofisi ya ushuru. Nitakuja mbele ya Kavetsa na nitasema mwenyewe, tano ni zangu. Nikikuona na polisi nageuka narudi.

Maggie

*

Makina, Kibera
Jumapili, 15 Juni 2025

Maggie,

Sikuiandika makusudi. Wala sikuwaza kwamba inaweza kuanguka kwa mkono wake, na ningeweza kuwaza. Chagua mwenyewe lililo baya zaidi.

Nitakuwa hapo Jumanne. Peke yangu. Beba kitambulisho chako, na umwambie Ndegwa akuandikie mahali imeli ya mumeo ilipo ili ujue cha kubadilisha.

Hayat

*

Olympic, Kibera
Jumatano, 2 Julai 2025

Hayat,

Angalia anwani hapo juu. Nitakwambia jinsi nilivyofika hapa, kwa sababu tangu tuagane pale nje ya ofisi hatujaonana, na uliniaga kama mtu anayefunga duka.

Yale ya ofisini uliyaona. Lakini mpaka leo namsikia Kavetsa: "Haya, na hizi tano ni za nani?" Na mimi nainua mkono kama mtoto wa darasa la pili. Nilidhani kengele italia, askari waje. Akasema tu, "Asante. Lete kitambulisho." Mukai amekubali kuandika upya vyeti vya zile kazi tano kwa PIN yangu, na ritani yangu, ile fomu ya ushuru ya mwaka, nimeijaza. Tarehe thelathini, siku ya mwisho kabisa, lakini nimeijaza. Mahali pa kazi nimeandika mtafsiri. Nilikaa nikaliangalia hilo neno.

Tatizo ni kwamba tulipobadilisha imeli, Gikonyo aliarifiwa. Kabla sijafika nyumbani alikuwa anajua imeli yake imetolewa. Jumapili akaniambia tunaitwa kwa mzee.

Tulikuta baba mkwe, Mzee Waithaka, kwa kiti chake, na mama mkwe pembeni. Mzee akaniuliza kwa utaratibu, "Ni kweli umeenda kutushtaki?"

"Hapana, baba. Nilienda kujishtaki mimi."

Hakutarajia hilo. Nikamweleza habari ya kazi zangu, habari yako, yote. Kisha nikamuuliza, "Zile nyumba kumi na nane za Satellite ni za nani?"

Gikonyo akadakia, "Ni za familia."

"Kule ofisini hakuna mtu anaitwa familia," nikamwambia. "Kuna Margaret Wakarima, na anadaiwa ushuru wa nyumba tangu alipotia sahihi. Hakuna hata mwezi mmoja uliolipwa."

Hayat, mzee hakuniangalia mimi. Alimgeukia mwanawe. "Hakuna hata mwezi mmoja?" Akaegemea mbele. "Na ile pesa ya ushuru ninayokupa kila mwezi, huwa unaipeleka wapi?"

Kumbe mzee alikuwa anatoa! Kila mwezi, kwa mkono wake, akiamini inafika. Na alidhani nyumba ziko kwa jina la Gikonyo. Gikonyo aliweka jina langu ili siku moja siri ikifichuka, iangukie mtu mwingine. Mama mkwe akasema anaenda kuanua nguo, na hakukuwa na nguo zilizoanikwa.

Gikonyo alianza kueleza habari ya hasara fulani, gari fulani, rafiki fulani. Mzee akainua mkono. Aliniuliza mimi, "Sasa unataka nini?"

Nilikuwa nimejitayarisha kulia, lakini sikulia. Nikamwambia, "Kama nyumba ni zangu, kodi nitaiweka mimi kwa benki na ushuru nitalipa mimi. Kama si zangu, ondoeni jina langu. Lakini msiniweke hapo katikati."

Wamekubali kuliondoa. Deni mzee atalipa kidogo kidogo, Kavetsa alisema inawezekana, na mpaka liishe kodi inapita benki na mimi ndiye natia sahihi. Mzee hajanisalimia tangu siku hiyo. Lakini analipa.

Usiku huo Gikonyo aliniambia mke anayemvua mumewe nguo mbele ya baba yake hana haja ya kukaa. Nikamwambia sawa. Nadhani alingoja nibembeleze. Nikatoa nguo za Wacera kwa kabati, na yeye akasimama mlangoni akiniangalia nikikunja, mpaka fulana ya mwisho. Hatujui kama ni kuachana ama ni hasira. Tuna chumba kimoja hapa Olympic, dirisha linaangalia ukuta, Wacera anakipenda kwa sababu anaweza kupiga kelele.

Sasa, habari njema. Ile kampuni ina kazi kubwa, mahojiano ya Kinubi na ya Kikuyu, ya miezi minne. Mukai alinipigia. Nimemwambia tuko wawili, mimi na wewe, kila mtu kwa PIN yake, safi kabisa. Ataandika mkataba wiki ijayo. Sema ndiyo!

Wako,
Maggie

*

Makina, Kibera
Jumamosi, 12 Julai 2025

Maggie,

Cheti kilitoka tarehe moja. Kazi zangu mbili nimezilipia, na iliuma kidogo kuliko nilivyoogopa miaka yote. Jumatatu niliapishwa. Siku ya pili wakanipeleka kwenye kesi ya mzee wa kwetu anayegombania ukuta na jirani yake, na mzee alipogundua namwelewa alimtukana jirani kwa Kinubi kwa dakika nzima, akaniambia, "Tafsiri, binti yangu, usiruke hata moja." Hakimu akainamisha kichwa asionekane akicheka. Sikuruka hata moja. Nilitamani kukuhadithia jioni ile ile, na nikachukia kwamba nilitamani.

Nimesoma yako mara nyingi. Ulichosema mbele ya Mzee Waithaka, mimi nisingeweza. Nimemsomea mama sehemu hiyo, Mabruka mwenyewe, ambaye tangu Mei alikuwa anakuita "yule." Akasema, "Huyo ana moyo." Sasa anakuita kwa jina.

Nilikwenda Olympic juzi, sikukwambia. Nilitaka kuona kama kweli unaishi hapo. Nilimwona Wacera akiruka kamba nje, nikarudi bila kubisha. Sijivunii. Ndivyo nilivyo na wewe siku hizi: ukiniambia kuna jua, natoka nje kuangalia. Huenda itapita. Sijui itachukua muda gani, na sitakudanganya kwamba imepita.

Kuhusu ile kazi. Umemwambia Mukai tuko wawili, kabla hujaniuliza. Najua hukukusudia ubaya. Lakini umelitaja tena jina langu nikiwa sipo, Maggie, wiki mbili tu baada ya yale yote, na hata hukuona. Nimempigia Mukai nikamwambia sipo. Nimempa jina la binti mmoja wa hapa Makina, Sabah, Kinubi chake ni kizuri kuliko changu. Nimemuuliza Sabah kwanza. Amekubali.

Kwa hiyo kazi, hapana. Si mwaka huu.

Lakini Jumapili mama anapika gurusa, mkate wetu wa Kinubi, na mchuzi wa mbuzi, na amesema Wacera aje, na mama yake. Sikumzuia. Njooni saa saba. Geti letu ni la kijani, limepakana na duka la unga. Mama hasikii vizuri, atauliza ni nani anayebisha. Sema jina lako lote.

Hayat